Mahali Alipocheka Baba

Katika familia yao kulikuwa na habari moja ambayo kila mtu aliijua kwa namna yake: habari ya siku baba alipocheka.

Si kwamba mzee alikuwa mkali. Hakuwa mtu wa fimbo wala wa kufoka. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, miaka thelathini na minane katika kiwanda kimoja cha uchapaji, na kazi hiyo ilimfundisha kufunga mdomo na kufumbua macho. Karatasi zilizochapwa zilimfikia zikiwa zimeshakunjwa, kila mkunjo kurasa kumi na sita. Yeye aliweka mkunjo juu ya mkunjo, akaishona kwa uzi, akaipaka gundi mgongoni, akaivika jalada. Mkunjo mmoja ukikaa mahali pasipo pake, msomaji anatoka ukurasa wa kumi na sita anaangukia wa thelathini na tatu, na mbio za kuulizana kiwandani huanza hapo. Kwa hiyo alitazama. Nyumbani pia alitazama. Mke wake akiweka sahani nne mezani na vijiko vitatu, alikuwa ameshainuka kufuata cha nne kabla mwenyewe hajagundua.

Kutabasamu alitabasamu. Lakini kucheka, kicheko cha mtu kushika mbavu, watoto wake walikishuhudia mara moja tu. Ilikuwa kwenye jumba la sinema, binti akiwa na miaka tisa na mdogo wake sita. Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani hata siku hiyo, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyo na maneno ila muziki wa piano. Fundi keki mmoja, mwembamba kama uzi, anatumwa kupeleka keki ya ghorofa saba kwenye harusi ya watu wakubwa. Basi. Katikati ya filamu hiyo baba yao aliangua kicheko mpaka akashindwa kukaa. Aliinuka, akaenda kuegemea ukuta karibu na mlango wa kutokea, leso mdomoni, mabega yakimtetemeka, na watu wakageuka kumwangalia yeye badala ya pazia.

Alicheka nini? Mama yao, mpaka anafariki, alishikilia kwamba ni yule askari aliyeikalia ghorofa ya tatu. Mdogo mtu alisema ni mbwa. Mzee mwenyewe akiulizwa alisema, "Ilikuwa filamu nzuri," akaendelea na kazi zake.

Sasa binti alikuwa na miaka hamsini na mmoja, fundi wa miwani. Alikaa nyuma ya duka, kwenye chumba chenye dirisha moja na mashine ya kusaga vioo, akipunguza ukingo wa kioo nywele kwa nywele mpaka kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Watoto wake walishakuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake mbali. Mwaka mmoja uliopita alimchukua baba yake akae naye, na alimtengenezea chumba kama mtu anayetengeneza fremu ya mgonjwa asiye na pua ya kawaida. Dawa zilipangwa kwa siku. Viatu vilikaa kulia kwa kitanda, taulo kushoto. Redio iliwekwa kwenye kituo anachokipenda, hahitaji kugusa chochote.

Na mzee, taratibu, akanyamaza. Kwanza aliacha kusimulia, halafu akaacha kuuliza. Kufikia mwezi wa sita alikuwa akisema "Nashukuru" na "Nimeshiba," basi. Daktari alimpima, akasema kila kitu kiko sawa kwa umri wake. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akitazama nje, mikono juu ya magoti.

Mdogo wa binti alipiga simu siku ya Jumatatu. Yeye alikuwa muuza samani zilizotumika katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, mtu wa sauti kubwa.

"Dada, nakuja Jumamosi kumchukua mzee."

"Kumchukua wapi?"

"Kwangu! Jana nimeongea naye dakika kumi, mimi naongea, yeye anapumua. Huyo hapo kwako amezima, dada. Usinune."

"Sijanuna. Kwako atalala wapi? Nyumba yako yote ni makabati."

"Tutamwekea kitanda kwenye mojawapo." Akacheka peke yake. "Natania. Ila nakuja. Watoto wapo, kelele zipo, labda zitamwamsha."

Dada mtu alikata simu akakaa na mikono mapajani. Hakutaka baba yake aondoke. Hilo lilikuwa wazi kama mchana. Alimwogopea safari, alimwogopea ile nyumba ambayo haijawahi kuwa na kifuniko kinachofanana na sufuria yake, na zaidi ya yote aliogopa kwamba mdogo wake anasema kweli: mzee amezimikia mikononi mwake. Angemjibu nini Jumamosi? Hapo ndipo ile habari ya zamani ikamrudia, na ikamrudia kama swali. Mtu aliyecheka vile mara moja, kitu gani kilimchekesha? Akikijua, labda ataujua mlango wa kuingilia.

Kesho yake kazini alimweleza mwenzake wa kaunta, mwanamke aliyeshinda na simu mkononi kuliko na wateja. Ghorofa saba, harusi, fundi mwembamba. Kabla ya saa sita mwenzake alikuwa ameipata kwenye mtandao na kuitia kwenye flashi.

"Hii hapa filamu yako ya mababu. Lakini wewe, shoga yangu, una mambo. Watu wanatafuta dawa za wazazi wao, wewe unatafuta vichekesho."

Jumatano alitoka mapema. Mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana. Akakaa mbele ya televisheni na daftari la kazini, lile la kuandikia vipimo vya macho, akaandika dakika pembeni.

Ajabu ya kwanza: filamu ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka, na ilikuwa nyingine. Utotoni aliona mtu anayeanguka anguka. Sasa aliona mtu anayejitahidi. Fundi keki aliipamba ghorofa ya saba kwa mikono yenye adabu kabisa, akaifunika kwa kitambaa, akatoka nayo barabarani kama aliyebeba mtoto wa siku moja. Halafu njia ikaanza kumla. Mbwa alichukua ghorofa ya chini, ile keki ikashuka tu kama jengo lililopoteza ofisi za chini. Mvua ikachukua nyingine. Askari akakalia nyingine. Bendi ya tarumbeta ikapita katikati. Akafika harusini na ghorofa moja, akaizungushia maua isijulikane, na bibi harusi alipoinama kuikata, mguu wa meza ukavunjika. Keki ikaruka mpaka kwenye feni ya darini, ikagawanywa kwa wageni wote sawasawa, kwenye nyuso zao. Mwishoni wanamkimbiza, anajificha jikoni, na huko anaanza kuoka upya, kimyakimya, shangazi wa bibi harusi akimsaidia kupepeta unga.

Alicheka kwa mbwa na akacheka kwa askari. Alipofika kwenye feni akasimamisha filamu, kwa sababu hapo alikumbuka kitu.

Alikumbuka kwamba hapo alilia. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, aliionea huruma keki. Aligeuka kuficha uso kwenye bega la baba yake, na baba yake alikuwa ametulia, hacheki hata kidogo. Kicheko kilikuja *baadaye*. Na kilipokuja, kwenye pazia hapakuwa na jikoni wala shangazi. Palikuwa na barabara. Fundi keki alikuwa anatembea barabarani, mbwa nyuma yake. Angeweza kuapa.

Akarudisha nyuma, akapeleka mbele. Baada ya harusi hakuna barabara. Baada ya harusi hakuna mbwa. Aliandika kwenye daftari: *Barabara baada ya harusi. Haiwezekani.* Akapigia mstari neno la mwisho, halafu akaweka alama ya kuuliza.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja. Lile jumba la sinema lilishageuka ghala la magodoro, lakini mwonyesha picha wake wa zamani, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Taa, alikuwa bado yupo ubavuni mwa jengo lilelile, kwenye kibanda cha kutengeneza feni. Alhamisi, saa ya chakula, fundi miwani alimkuta amezungukwa na mapanga ya feni, miwani yake imefungwa kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Feni iko wapi?"

"Sina feni. Nina swali la filamu."

Mzee Taa aliweka bisibisi chini. Inaonekana ilikuwa muda mrefu tangu aulizwe.

Akamweleza yote: keki, harusi, barabara. "Nataka kujua kama siku ile mikanda ilichanganywa."

"Ilichanganywa!" Mzee aliruka kama aliyechomwa sindano. "Binti, miaka ishirini na sita kwenye kile chumba cha juu. Sijawahi kuunguza mkanda. Sijawahi kuukata mkanda. Leo nije kuambiwa nimechanganya, na mtu ambaye siku hiyo alikuwa na meno ya utoto?"

"Sikusema wewe. Nimesema ilichanganywa."

"Kulikuwa na mtu mwingine mle ndani? Panya?"

Fundi miwani hakubishana. Alimvua mzee miwani kwa upole, kama afanyavyo kwa wateja, akafungua ule waya, akatoa kijiskurubu kwenye kipochi chake na kuanza kukaza mkono wa fremu. Mzee Taa, akiwa haoni vizuri, akawa mtu mwingine.

"Unajua tulikuwa tunafanyaje?" alisema baada ya muda. "Nakala ilikuwa moja, majumba mawili. Sisi na wale wa ng'ambo ya reli. Filamu kama hiyo ina mikanda minne, kila mmoja kwenye kopo lake la bati. Wao wanaanza nusu saa kabla yetu. Wakimaliza mkanda wa kwanza, mtu wa baiskeli anauleta kwetu. Wakimaliza wa pili, anauleta. Yaani filamu inatufuata kwa baiskeli, nyuma kidogo ya wenzetu. Mtu wetu alikuwa jamaa mmoja wa makamo, masharubu hadi hapa, mapafu ya farasi."

"Na siku ile?"

"Siku ile alipata pancha akiwa na kopo la pili. Akaliacha kwa fundi baiskeli pamoja na baiskeli, akakimbia kwa miguu kufuata la tatu, akidhani atayaleta yote pamoja. Kwa haraka akampita fundi, akaniletea la tatu peke yake. La pili bado liko kwa fundi! Ukumbi umejaa, mkanda wa kwanza umekwisha, taa zimewaka, watu wanapiga miluzi, kuna mmoja ameshaanza kung'oa kiti." Akashusha sauti. "Ukiwa kule juu na watu wanang'oa viti, unaweka kilichopo."

"Ukaweka la tatu."

"Nikaweka la tatu. Halafu la pili likafika, nikaweka la pili. Halafu la nne. Nikashuka chini najificha, nikijua leo nitapigwa. Watu wakatoka wanapangusa machozi! 'Mzee Taa, leo umetuletea kitu!' Hakuna hata mmoja aliyegundua. Hata mwenye jumba. Nimekaa na hilo miaka arobaini na mbili, binti, wewe ndiye wa kwanza."

"Mmoja aligundua," alisema fundi miwani, akamrudishia miwani yake.

Jumamosi mdogo wake alifika saa nane mchana na begi tupu la kutia nguo za mzee. Aliingia akisalimia kwa kelele, akagonga goti kwenye meza, akaishika miguu ya baba yake. "Shikamoo baba! Leo tunaondoka wote."

"Marahaba," alisema mzee. Akageukia dirisha tena.

"Unaona?" mdogo alimnong'oneza dada yake, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka barabarani.

"Kaa chini kwanza. Basi lenu ni la saa kumi na mbili. Tunaangalia filamu."

"Ile ya mbwa? Wewe! Umeipata wapi?"

Alizima redio, akageuza kiti cha baba yake kikaelekea televisheni. Daftari lilikuwa mapajani, limeandikwa dakika ambapo kila mkanda unaanza. Hakumwambia mtu chochote. Aliishika rimoti kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo ile keki.

Sehemu ya kwanza ikapita. Mzee alitazama kama anavyotazama dirishani. Fundi keki alifunika keki kwa kitambaa, akatoka mlangoni. Hapo dada mtu akabonyeza rimoti, na mara ikawa harusi.

"Ebo, umeruka!" mdogo mtu alipiga kelele. "Mbwa yuko wapi? Dada, umeruka mbwa!"

"Nyamaza."

Vidole vya mzee vilisogea kwenye magoti. Vilikwenda kulia na kushoto, kidogo kidogo, kama vinasawazisha ukingo wa karatasi. Kwenye televisheni meza ikavunjika mguu, keki ikapanda kwenye feni, wageni wakapakwa. Mdogo mtu alikuwa anakufa kwa kicheko. Mzee hakucheka, ila alikuwa ameegemea mbele.

Dada mtu akabonyeza tena. Barabara. Fundi keki akatokea akinyata, keki ya ghorofa saba mikononi, nzima, kitambaa kimenyooka, anaangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka.

Mzee alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Halafu akatoa nyingine. Kisha mabega yakaanza, na kicheko kikamtoka, kikavu mwanzoni, kama mlango wa siku nyingi, halafu kikafunguka chote. Alijipiga paja. Akaonyesha televisheni kwa kidole kinachotetemeka.

"Anaibeba kama yai!" alisema. "Mtazameni! Anatazama magari! Na sisi tumeshaiona imekwisha! Iko kwenye feni!"

"Baba..."

"Hakuna anayemwambia! Ukumbi mzima, hakuna anayemwambia!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nilitaka kusimama niwaambie watu, mkunjo wa tatu umekaa mahali pa pili. Mama yenu akanivuta shati."

Mdogo mtu alikuwa ameacha kucheka, mdomo wazi, akimtazama baba yake badala ya mbwa.

"Na kwa nini hukutuambia miaka yote hii?" aliuliza dada.

"Mlikuwa mnacheka. Huyu ana mbwa wake, mama yenu ana askari wake. Nianze kuwafundisha kucheka?" Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Nilikaa wiki nzima kiwandani nacheka peke yangu. Msimamizi akanihamisha mashine, akidhani ni harufu ya gundi."

Wakaitazama mpaka mwisho, na mzee aliongea muda wote. Filamu ilipokwisha, mdogo mtu alivuta pumzi ndefu, akalikunja lile begi tupu.

"Haya dada, umenishinda. Nilisema amezima, kumbe wewe unajua swichi iko wapi. Mzee abaki."

Dada mtu akaweka rimoti chini. Tangu Jumatatu alikuwa anasubiri maneno hayo.

"Nani kakuambia nabaki?" alisema mzee.

Wote wawili wakamgeukia.

"Baba, si umefurahi hapa?" aliuliza binti.

"Nimefurahi. Wewe unanitunza kuliko mtu yeyote angeweza. Njoo ukae." Akagusa kiti cha karibu. "Lakini mama, nikuambie kitu na usilie. Asubuhi naamka, viatu viko pale. Taulo liko pale. Dawa ya Jumanne iko Jumanne. Natazama chumba chote, hakuna hata uzi uliokaa vibaya. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama kilichokaa vibaya. Hapa nitazame nini? Nikaanza kutazama nje, na mtaa wako nao, samahani, umenyooka."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba unanitunza vizuri mno? Ningeanzia wapi?"

Mdogo mtu alikohoa. "Yaani baba, unataka kuja kwangu kwa sababu kwangu ni vurugu?"

"Mara ya mwisho nilipokuja nilikuta pasi ndani ya jokofu."

"Ilikuwa siku moja!"

"Nimeifikiria miaka miwili," alisema mzee. "Ilifikaje mle?"

Binti alilia kidogo hata hivyo, jikoni, akimfungia baba yake dawa. Ilimuuma. Alikuwa ametafuta mlango wa kuingilia kwa baba yake, na kumbe aliufungua ili atoke. Alikunja mashati manne, akazitia dawa kwenye mfuko, na alipotaka kuandika siku juu ya kila pakiti akasita, kalamu hewani. Akaandika jina la dawa na mara ngapi kwa siku. Siku akaziacha.

Kwenye mlango mzee alimshika mkono muda mrefu. Mdogo mtu alikuwa ameshatangulia na begi, ambalo hakulifunga zipu, mkono mmoja wa shati unaning'inia nje. Mzee aliliona, akamkonyeza binti yake.

Jumapili ya wiki iliyofuata simu iliita mchana. Sauti ya baba yake ilikuwa juu kuliko kelele za wajukuu.

"Nimehesabu viti sebuleni. Kumi na tisa! Na jioni mdogo wako anakula amesimama. Kabati la vyombo lina viatu. Vyombo, usiniulize viko wapi, bado natafuta. Na saa ya ukutani inatembea kinyumenyume, nakwambia kweli, ameitundika inaelekea kioo, kila mtu anaisoma kwenye kioo na hakuna aliyeshtuka."

Aliongea dakika ishirini na tano. Fundi miwani alijikuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anacheka.

"Na umeigeuza, baba? Hiyo saa?"

"Niigeuze?" alisema mzee. "Nikiigeuza, kesho nitatazama nini?"